Somo la robo hii: Akaunti ya mazoezi katika biashara ya fedha za kigeni



Tulipokwenda Mwadui kukagua vikundi vya kuweka na kukopa, tulikuta jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba yetu. Kikundi cha vijana cha usharika mmoja kilikuwa kimeandika barua ya kuomba shilingi 1,500,000 kutoka mfuko wa mzunguko, ili zifunguliwe akaunti ya kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu, biashara ambayo vijana huiita foreksi. Barua iliambatana na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye programu ya simu. Ilionyesha akaunti ya mazoezi iliyoanza na Dola 10,000 na kufikia Dola 17,400 katika wiki sita.

Mzee mmoja wa kanisa alitugeukia akasema, "Ndugu zetu wa dayosisi, ninyi mmesoma. Hawa watoto wetu wametuletea riziki au mtego?"

Tunakiri kwamba hatukuwa na jibu siku ile. Mmoja wetu alikuwa tayari hata kusaini, kwa kuwa karatasi ile ilivutia na vijana wale ni waaminifu. Tuliomba muda, tukarudi na somo ambalo tunalileta kwenu, maana barua za namna hiyo zimeanza kufika katika sharika nyingine pia.

Kwa nini Mwadui

Msishangae kwamba jambo hili limeota mizizi hapa. Tangu John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipoanzisha mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, watu wa eneo hili wameishi na bidhaa ambayo bei yake hupangwa mbali na kuhesabiwa kwa Dola. Kijana wa Maganzo hukua akisikia habari za Dola kabla hajaishika mkononi. Kwa ndugu zetu wa Geita, ambako soko la dhahabu lilifunguliwa Machi 2019, bei ya gramu hufuata bei ya dunia. Dhahabu ilipovuka Dola 3,000 kwa wakia Machi 2025, na Dola 4,000 Oktoba mwaka huohuo, kila mchimbaji alijua. Programu hizihizi za simu humruhusu mtu kubahatisha bei ya dhahabu pia, bila kushika hata punje yake.

Hivyo basi, vijana hawa hawakuzua kitu. Soko la fedha za kigeni lipo, na ni kubwa kuliko yote: mwaka 2025 lilipimwa kuwa na mauzo ya Dola trilioni 9.6 kwa siku. Kwa hiyo halifanani na DECI, ambayo wazee wetu waliitaja mara moja tulipoanza kuzungumza. DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, iliwalipa waliopanda mbegu jana kwa fedha za waliopanda leo. Katika foreksi bei ni ya kweli. Swali ni kama mtu mwenye shilingi milioni moja na nusu anaweza kuvuna humo, na kama akaunti ya mazoezi inaweza kumwonyesha hilo kabla hajapoteza.

Shamba darasa lisilo na njaa

Wanakamati wengi mnalijua shamba darasa. Tunalima robo ekari ya mtama au pamba pamoja, tunajaribu mbegu, kisha kila mmoja anaamua kwake. Akaunti ya mazoezi ni kitu cha aina hiyo. Dalali wa intaneti humpa mtu fedha za kuigiza, bei zinazoonekana ni zilezile za sokoni, naye hununua na kuuza bila kutoa hata senti. Programu inayotumika sana, MetaTrader, imekuwa na nafasi hiyo tangu miaka ya 2000. Ni jambo jema. Hakuna anayejifunza kuendesha baiskeli akiwa amebeba mayai ya jirani.

Lakini shamba darasa hupata mvua ileile na jua lilelile la mashamba mengine. Likikauka, tunaliona limekauka. Akaunti ya mazoezi ikikauka, unabonyeza kitufe na unapewa nyingine mbichi.

Hapo ndipo tulipogundua siri ya ile karatasi. Tulimwuliza kijana aliyeichapa, fundi simu pale Maganzo, kama hiyo ndiyo akaunti yake ya kwanza. Akajibu bila kuficha, "Hapana, hii ni ya nne. Zile tatu ziliungua." Kuungua, kwa lugha yao, ni fedha zote kwisha. Hakuwa amedanganya. Hakuna aliyemwuliza, na yeye mwenyewe hakuona kwamba zile tatu zina uhusiano na ombi lake. Sisi tulipiga hesabu: ameweka Dola 40,000 za kuigiza, amebakiwa na 17,400. Mfuko wa mzunguko hauwezi kuungua mara tatu kisha ukaanza upya.

Tukakubaliana kufanya mazoezi upya kwa miezi mitatu, vijana watano, kwa masharti tuliyoyaandika pamoja ubaoni. Akaunti ianze na Dola 600, ambazo kwa kukadiria Dola moja kuwa shilingi 2,500 ni zile 1,500,000 walizoomba. Ikiungua, hakuna nyingine. Kila biashara iandikwe kwenye daftari kabla ya kufunguliwa: kwa nini unanunua, utatoka wapi ukipata, utatoka wapi ukikosa. Na hasara ya biashara moja isizidi sehemu moja kwa mia ya akaunti, yaani Dola 6.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoleta kelele. "Dola 6 zitatufikisha wapi?" Tukafanya hesabu ubaoni. Mtu anayehatarisha sehemu kumi kwa mia kila mara, akikosea mara kumi mfululizo, Dola 600 zake hubaki kama 209. Anayehatarisha sehemu moja kwa mia hubaki na 542. Na kukosea mara kumi mfululizo si ajabu. Hata mrusha sarafu huyaona hayo akirusha siku nyingi. Aidha, aliyepoteza nusu ya mtaji lazima apate faida ya asilimia mia moja ili arudi alipokuwa.

Mkono wa dalali

Anayepeleka ng'ombe mnadani anajua kwamba dalali hali nyasi. Kwenye duka la kubadilisha fedha kuna ubao wenye bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na pengo kati yake ndilo chakula cha mwenye duka. Foreksi ina pengo hilohilo. Bei ya Euro kwa Dola husogea kwa hatua ndogo ziitwazo pipu, yaani sehemu moja ya elfu kumi, na dalali mara nyingi huweka pengo la pipu moja au mbili.

Pipu mbili zinaonekana si kitu. Hebu tuzihesabu. Kijana ananunua Euro akitaka faida ya pipu 10, na ameweka kikomo cha hasara pipu 10. Kwa sababu ya pengo, bei inabidi ipande pipu 12 ili apate, lakini ikishuka pipu 8 tu amekosa. Kama hana ujuzi wowote unaozidi kubahatisha, atapata mara 40 katika kila mara 100 na kukosa mara 60. Faida pipu 400, hasara pipu 600. Pipu 200 zimeliwa na pengo. Kwa kiasi walichokuwa wakifanyia mazoezi, yaani senti 20 za Dola kwa kila pipu, hizo ni Dola 40, shilingi 100,000 kati ya ile milioni moja na nusu. Nao walikuwa wakifungua na kufunga biashara nyingi kwa siku, wakidhani bidii ndiyo hiyo. Katika kilimo bidii hulipa. Hapa, anayepalilia mara kumi kwa siku humlipa dalali mara kumi.

Jambo la pili ni mkopo wa dalali. Madalali wengine humwambia mteja kwamba kwa kila Dola 1 aliyo nayo anaweza kushika mzigo wa Dola 500. Kwa Dola 600 ni mzigo wa Dola 300,000. Bei ikimgeukia kwa sehemu mbili tu kati ya elfu moja, Dola zake 600 zimekwisha, na Euro huweza kusogea hivyo kabla ya chai ya saa nne. Akaunti tatu zilizoungua ziliungulia hapo. Nchi za Ulaya ziliweka kikomo cha mkopo huo mwaka 2018 kuwa mara 30 kwa fedha kubwa, baada ya mamlaka yao ya masoko, ESMA, kueleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba ya namna hii hupoteza fedha. Jirani zetu wa Kenya waliweka kanuni za biashara hii mwaka 2017 na kuanza kutoa leseni mwaka uliofuata. Hapa kwetu wa kuulizwa ni Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kamati iulize kwa barua, isitosheke na cheti kilichotumwa kwa WhatsApp.

Yasiyofundishwa na mazoezi

Kuna mambo mawili ambayo akaunti ya mazoezi haiyaonyeshi hata ikifuatwa kwa masharti yote.

La kwanza ni siku mbaya. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei iliyokuwa imeishikilia tangu Septemba 2011, ya faranga 1.20 kwa Euro. Katika dakika chache faranga ilipanda kwa kiwango ambacho hakikutarajiwa na mtu. Watu waliokuwa wameweka vikomo vya hasara waliviona vikirukwa, kwa kuwa hapakuwa na mnunuzi katika bei ile. Wengine walidaiwa zaidi ya walichoweka. Dalali mmoja wa Uingereza, Alpari, alifilisika, na FXCM wa Marekani akaokolewa kwa mkopo wa Dola milioni 300. Katika mazoezi, kikomo chako mara nyingi hutimizwa palepale ulipokiweka, kwa sababu hakuna fedha halisi inayomtafuta mnunuzi.

La pili ni moyo. Kijana wetu fundi simu alilieleza vizuri kuliko sisi. Alisema akipoteza Dola za mazoezi anakwenda kula. Lakini mwezi mmoja kabla ya somo letu alikuwa ameweka kwa siri shilingi 50,000 zake halisi, na usiku ule hakulala. Alifunga biashara yenye faida mapema kwa hofu, na ile yenye hasara akaiacha ikitumaini kugeuka. Ndani ya siku nne zilikwisha. "Nilijua sheria zote," alisema. "Mkono ndio haukuzijua."

Tuongeze jambo moja ambalo halihusu mazoezi. Wengi wanaojiita walimu wa foreksi hulipwa na dalali kwa kila mteja wanayemleta, na hulipwa awe amepata au amekosa. Anayesema atawafanyia biashara ninyi mkae nyumbani, mkusanyie kwanza maswali ya wazee waliokumbuka 2009.

Matokeo

Baada ya miezi mitatu, vijana wawili kati ya watano walikuwa wameacha, kwa maelezo kwamba biashara ya Dola 6 inachosha. Mmoja aliunguza yake wiki ya tano, alipovunja sharti usiku mmoja. Wawili walimaliza: mmoja akiwa na Dola 548, mwingine, yule fundi simu, akiwa na Dola 611. Faida ya Dola 11, shilingi 27,500 kwa miezi mitatu ya kuangalia simu, ambayo haikuwa fedha halisi. Katika muda huohuo, mwanachama mmoja wa kikundi cha akina mama alikopa shilingi 200,000 za mfuko, akanunua mchele Kahama, akarejesha zote na riba.

Kamati ilikataa ombi. Tulikubaliana nayo, na tunaomba sharika nyingine zisitoe fedha za mfuko wa mzunguko, sadaka wala michango ya ujenzi kwa kazi hii. Lakini kamati haikuwazuia vijana kujifunza kwa fedha za kuigiza, nasi tunaona ilifanya vema.

Maana elimu ile haikupotea bure, na hapa tunazungumza na ninyi wafadhili hasa. Katikati ya mwaka 2024 Dola ilipita shilingi 2,600, nasi tukaandika bajeti ya kisima kwa bei hiyo: Dola 10,000 zingekuwa shilingi 26,000,000. Fedha zilipofika Desemba, Dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400, na tukapata 24,000,000. Pampu ilichelewa, na kijiji kikadhani tumekula fedha. Hatukuwa tumeweka akiba yoyote kwa ajili ya mabadiliko ya bei. Aliyetuonyesha kosa hilo ubaoni, kwa lugha ya pipu na vikomo, ni yule fundi simu. Sasa tunaweka sehemu ya kumi ya kila bajeti ya fedha za kigeni pembeni hadi fedha ziingie benki, na yeye ndiye anayetuandikia bei ya Dola kila Ijumaa katika daftari la ofisi.

Daftari lake la mazoezi bado liko kwa katibu wa usharika. Analijaza kila jioni baada ya kufunga kibanda, na wanakamati hulipitia Jumapili ya kwanza ya mwezi.