Matembezi kandokando ya Goma

1. Mji kati ya maji na moto

Leo tutasoma juu ya nchi ya Goma, katika Kivu ya Kaskazini. Zamani Goma ulikuwa mji mdogo tu ukingoni mwa ziwa. Siku hizi ni mji mkubwa. Kusini yake kuna Ziwa Kivu. Kaskazini yake kuna milima ya Virunga. Mashariki kuna mpaka wa Rwanda na mji wa Gisenyi. Magharibi kuna barabara ya Sake, karibu kilometre 25.

Mtu akitembea Goma, anakanyaga mawe meusi yenye matundu na ncha kali. Mawe hayo yalitoka ndani ya mlima wa moto. Yalitiririka kama uji, yakapoa, yakawa magumu. Yalibomoa nyumba nyingi. Lakini watu wa Goma wanayapasua na kujenga nayo nyumba mpya na kuta.

Nchi hii ni nzuri sana. Lakini anayetembea humo lazima aijue. Tutakwenda kwanza ziwani, kisha njia ya Sake, halafu mlimani. Njiani tutajifunza neno moja ambalo linaweza kuokoa maisha yenu: mazuku.

2. Ziwa Kivu

Ziwa Kivu liko juu sana, metre 1460 juu ya bahari. Maji yake ni ya kina kirefu: mahali pengine kina kinapita metre 470.

Ziwa hili lilipatikanaje? Zamani za kale mito ya bonde hili ilikwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Kisha milima ya moto ilitapika mawe mengi, ikaliziba bonde, kama ninyi mnavyoziba kijito kwa udongo. Maji yakapanda, yakajaza mabonde. Vichwa vya vilima vikabaki juu ya maji, vikawa visiwa. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Idjwi. Mwishoni maji yakapata mlango mwingine upande wa kusini: ni mto Ruzizi, unaoshuka mpaka Ziwa Tanganyika.

Usiku mkisimama ukingoni mtaona taa nyingi juu ya maji. Hao ni wavuvi wa sambaza. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa ili samaki wakusanyike, kisha wanavuta wavu huku wakiimba. Samaki hao wadogo hawakuwa wa Kivu tangu mwanzo. Waliletwa kutoka Tanganyika, karibu na mwaka 1959. Leo wanalisha jamaa nyingi.

Chini kabisa, ndani ya maji ya kina, kuna gazi mbili: metani na gazi kaboniki. Uzito wa maji unazikandamiza zisitoke, kama kizibo kinavyofunga chupa ya limonade. Metani inaweza kuwaka. Upande wa Rwanda wanaivuta kutoka ziwani na kufanya nayo umeme. Gazi kaboniki haiwaki, inazima moto. Shikeni vizuri jina hilo, maana tutalikuta tena njiani.

3. Njia ya Sake

Sasa tuelekee magharibi. Njiani twakutana na vijana wenye chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na kiti wala pedali. Wanabeba makala, viazi, makabichi na mbao. Kwenye mteremko wanapanda juu yake na kushuka mbio. Kwenye mlima wanaisukuma kwa jasho.

Karibu na ziwa kuna vilima vyenye shimo kubwa juu, kama chungu kisicho na kifuniko. Kila kimoja kilikuwa mdomo wa moto zamani. Katika mdomo mmoja wa namna hiyo maji yamejaa, nayo yana rangi ya majani. Wanaliita kwa Kifaransa Lac Vert, ndiyo kusema Ziwa la Kijani.

Mahali hapa panapendeza. Ndege wanalia, majani ni mabichi, upepo wa ziwa ni baridi. Lakini hapa hapa, kati ya Goma na Sake, ndipo penye mazuku mengi.

4. Mazuku

Mazuku ni nini? Wazee wanasema ni upepo mbaya. Wanaonyesha bopo fulani katikati ya mawe na kusema: «Usishuke pale.» Mtoto mwingine anacheka moyoni, anadhani ni hadithi za kutisha. Asicheke! Watu wenye elimu wamepima hewa ya mabopo hayo, wakaona kwamba wazee wamesema kweli.

Chini ya ardhi ya milima ya moto gazi kaboniki inapanda polepole na kutoka katika nyufa. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa. Kwa hiyo inashuka na kutulia mahali pa chini, kama maji yanavyokaa ndani ya beseni. Lakini maji tunayaona. Gazi hii hatuioni. Haina rangi wala harufu.

Katika hewa tunayovuta kila siku gazi kaboniki ni kidogo sana, haifiki hata sehemu moja katika elfu. Ikifika sehemu kumi katika mia, mtu anaanguka na kuzimia kwa dakika chache tu. Katika mazuku inaweza kupita kipimo hicho mbali sana. Hapo mtu hapati nafasi ya kupiga kelele.

Usiku, na asubuhi mapema kabla upepo haujavuma, gazi inakusanyika zaidi. Mchana jua na upepo huitawanya kidogo, lakini si mahali pote. Angalieni tena jambo hili: mtu mrefu anaweza kusimama kichwa chake kikiwa juu ya gazi. Mtoto ni mfupi. Kichwa chake kiko ndani. Na mtu mkubwa akiinama kuokota kuni, naye amezama.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote. Mbuzi ameshuka katika bopo, ameanguka. Mtoto mchungaji anamwona. Mbuzi ni mali ya baba, basi anashuka kumwinua. Naye anaanguka. Rafiki yake anamwona, anampenda, anakimbia kumsaidia. Yeye pia anaanguka. Hivi mbuzi mmoja anavuta watoto wawili kaburini.

Je, yule rafiki alifanya vibaya kupenda? Hapana. Bwana wetu ametufundisha kupenda jirani. Lakini upendo unataka na akili. Ukimwona mtu au mnyama amelala ndani ya bopo, usishuke! Simama juu, piga kelele kwa nguvu, kimbia kuita watu wakubwa. Nao pia wasishuke ovyo: wajaribu kumvuta kwa kamba au mti mrefu wenye ndoano, wakibaki juu. Mbuzi mwingine atazaliwa. Mtoto wa mama yako hatapatikana tena sokoni.

5. Tujaribu darasani

Mwalimu anatwaa beseni lenye ukingo mrefu. Anasimamisha ndani mishumaa miwili, mmoja mfupi, mwingine mrefu, na kuiwasha. Kando ya mishumaa anaweka unga wa magadi, kisha anamimina siki juu yake polepole. Povu linatoka: ndiyo gazi kaboniki. Mshumaa upi unazimika kwanza? Ule mfupi. Gazi imejaa chini, hewa nzuri imesukumwa juu.

Lakini mwanafunzi asiseme: «Basi nitachukua mshumaa, nikapime mazuku mimi mwenyewe.» Hapana! Gazi inaweza kumdhuru mtu hata kabla moto haujazimika. Mshumaa huu ni wa kutufundisha darasani tu.

6. Nyiragongo, mlima wa moto

Kaskazini ya mji kuna mlima Nyiragongo, wenye metre 3470. Mara nyingi usiku mawingu juu yake yanakuwa mekundu, kwa sababu ya lava inayochemka ndani ya mdomo wake. Njia ya kuupanda inaanzia Kibati. Wapandaji hutembea masaa manne mpaka sita, kwanza katika msitu, halafu juu ya mawe matupu. Hakuna anayepanda bila walinzi wa mbuga.

Mwaka 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, lava ikashuka mbio sana na kuua watu. Tarehe 17 Januari 2002 ilishuka tena, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Iliharibu sehemu kubwa ya Goma, pamoja na kanisa kubwa la askofu. Watu mamia ya maelfu walikimbia. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka mara nyingine, ikafika mpaka ukingo wa mji. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma wanafanya kazi ya kuusikiliza mlima kwa vyombo vyao. Wakitangaza hatari, tutii upesi.

7. Mbuga ya Virunga

Milima hii imo katika Mbuga ya Taifa ya Virunga. Ilianzishwa mwaka 1925, ikaitwa Mbuga ya Albert. Tangu 1969 inaitwa Virunga. Humo kuna sokwe wakubwa wa milimani, wanaoitwa gorila. Watu walipowahesabu, wakatoa jumla mwaka 2019, waliona 1063 tu katika dunia nzima. Wako Kongo, Rwanda na Uganda.

Vita vimeumiza nchi hii kwa miaka mingi, na mara nyingi mbuga imefungwa kwa wageni. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika kazi yao. Wengi wao walikuwa baba za watoto kama ninyi. Pia watu wengi wanakata miti kwa kuchoma makala, kwa kuwa hawana kitu kingine cha kupikia. Tusiwadharau, njaa ni mwalimu mkali. Lakini msitu ukiisha, mvua itabeba udongo wa shamba, na chemchemi zitakauka.

8. Sheria za msafiri

Usitembee peke yako. Waulize wenyeji kabla ya kuacha barabara. Usishuke katika bopo usilolijua, na usilale wala kuketi humo. Ukiona ndege au wadudu wengi wamekufa mahali pa chini, rudi. Usiguse chuma chochote usichokijua. Vita vimeacha vitu vinavyolipuka. Ulichojifunza leo, mfundishe mdogo wako jioni hii, maana yeye ni mfupi kuliko wewe.

Mungu aliumba milima na maji, akatupa na akili. Anayetumia akili anamheshimu Muumba.

Maneno

Bopo: mahali penye shimo pana, pa chini.
Gazi: kitu kama hewa.
Lava: mawe yaliyoyeyuka kwa moto.
Nyufa: mipasuko ya ardhi au ya mawe.

Maulizo

1. Ziwa Kivu lilipatikanaje? Maji yake yanatokea wapi?
2. Kwa nini mazuku yanakaa mahali pa chini?
3. Kwa nini mtoto anapata hatari kuliko mtu mkubwa?
4. Rafiki yako ameanguka ndani ya bopo. Utafanya nini? Hutafanya nini?
5. Chora ramani ya Goma: ziwa, barabara ya Sake, Nyiragongo.
6. Waulize wazee wa kwenu: mahali gani pa hatari pako karibu na kijiji? Andika majibu yao katika daftari.