Kuuza Michembe: Jua Mnunuzi Ameletwa na Nini

Mkulima wa Kishapu, michembe ya viazi ni akiba ya nyumba yako mvua inapokosekana. Kwa hiyo kwanza tenga chakula cha watu wako mpaka mavuno yajayo. Kinachozidi ndicho cha kuuza, wala kisiuzwe kwa kubahatisha.

Wakulima wengi hutafuta wanunuzi kwa njia nyingi pamoja. Hupeleka madebe gulioni Mhunze, humpa kijana posho akatangaze Mwadui, tena huweka bango kando ya barabara. Michembe ikiisha hufurahi, lakini hawajui ni njia ipi iliyoleta fedha. Msimu wa pili hulipia tena zote, hata ile isiyofaa.

Fanya hivi:

1. Nunua daftari. Piga mistari, kila njia iwe na safu yake.

2. Kabla ya kumpimia mnunuzi, muulize: "Habari za michembe hii umezipata wapi?" Akitaja njia mbili, muulize ipi iliyomfanya aje. Andika papo hapo, usingoje jioni.

3. Hesabu madebe yaliyouzwa, si watu waliosimama kutazama.

4. Andika gharama za kila njia: mkokoteni wa punda, ushuru, posho, ubao na rangi.

5. Baada ya wiki nne, gawanya gharama za kila njia kwa madebe yake.

Tuchukue mfano. Gulio: madebe 12, gharama Sh. 12,000, yaani Sh. 1,000 kwa debe. Kijana: madebe 5, Sh. 10,000, yaani Sh. 2,000. Bango: madebe 2, Sh. 6,000, yaani Sh. 3,000. Walioambiwa na majirani: madebe 6, bila gharama.

Usiling'oe bango, limekwisha kulipiwa. Posho ya kijana ndiyo inayolipwa kila wiki, basi ipunguze kwanza, uone kama mauzo yatashuka. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili mbegu na mbolea pamoja, utajuaje ipi iliyozidisha mavuno? Na kumbuka: majirani husifu michembe safi, iliyokauka vizuri.

Wakulima wa pamba wa Usukuma walidai mizani ya haki, wakajenga ushirika; mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Daftari hili nalo ni mizani yako. Litunze.