Mimba Baada ya Kufungwa Kizazi, na Nasaba ya Mtoto

Mwanamke aliyefungwa kizazi hospitali, kisha baada ya miaka akashika mimba, hakosi mtu wa kumtilia mumewe maneno: "Mimba hii imetoka wapi?" Neno hili ni zito, kwani ndani yake mna tuhuma ya zina, na mna kumkatia mtoto nasaba yake. Basi yampasa mume, kabla hajafungua kinywa, ajue matabibu wasemaje na sharia yasemaje.

Ama hukumu ya kukata uzazi moja kwa moja pasipo dharura, wanavyuoni wamekwisha kuieleza na kuikataza, wala si mahali pake hapa. Maneno haya ni juu ya mke aliyekwisha kufungwa.

Kazi ya daktari ni kuiziba mirija miwili ambayo yai hupita humo kwendea kizazi. Huifunga kwa uzi akakata kipande, au huibana kwa kibanio au pete, au huichoma. Kizazi chenyewe hubaki, na mayai hubaki, na hedhi huja kama ada yake. Lakini mrija ni nyama hai: ncha zake mbili zaweza kuungana tena, au pakazuka kitundu kidogo manii yakapenya. Huenda kibanio hakikukaa sawasawa. Na huenda mwanamke alikuwa na mimba changa siku ile ile ya kupasuliwa, wala hapana aliyejua.

Jambo hili limehesabiwa. Huko Marekani walifuatwa wanawake 10,685 waliofungwa kizazi kati ya mwaka 1978 na 1986, na hesabu yao ikachapishwa mwaka 1996. Walioshika mimba kwa kuwa kufungwa hakukufaulu walikuwa 143. Matabibu wakakadiria kuwa katika kila wanawake 1,000, kwa muda wa miaka 10, watashika mimba 18 au 19. Tena hazikuja zote mwaka wa kwanza. Nyingine zilikuja baada ya miaka mingi, wakati watu wamekwisha kusahau. Basi ni jambo la nadra. Lakini nadra si muhali, na mwenye kuyachanganya maneno mawili haya humdhulumu mkewe.

Na mfano wake ulitokea zamani za Mtume (S.A.W.). Amepokea Muslim kwa Jabir kuwa mtu mmoja alikuwa na mjakazi, akimwingilia wala hapendi ashike mimba. Mtume akamwambia amwage nje akitaka, na akamjulisha kuwa alilokadiriwa mjakazi yule litamjia. Baada ya muda yule mtu akarudi kusema kuwa mjakazi ana mimba. Mtume akamkumbusha maneno yake ya kwanza, zina haikutajwa.

Kwa hiyo Imam Nawawi katika Minhaj amesema kuwa mume aliyemwingilia mkewe akamwaga nje, ni haramu kwake kumkana mtoto, kwa kauli iliyo sahihi. Mtu atasema: kufunga mirija kuna nguvu zaidi kuliko kumwaga nje. Naam, kuna nguvu zaidi. Lakini kuingiliana kumekuwapo na mtoto amewezekana, na hilo ndilo linalotazamwa. Kumkana mtoto hakujuzu illa kwa yakini au dhana yenye nguvu, kama kwamba mume hakumwingilia mkewe kabisa, au mtoto amezaliwa kabla ya miezi sita tangu kumwingilia. Ama maneno ya majirani si yakini wala si dhana yenye nguvu. Na mwenye kumsingizia zina mwanamke aliyejihifadhi, asilete mashahidi wanne, adhabu yake katika Sura ya Nur ni mijeledi 80. Na mume hana pa kuikwepa ila kwa liani, ambayo ndani yake hujiapiza laana ya Mwenyezi Mungu iwapo amesema uwongo. Nani ataapa hivyo kwa sababu ya kipande cha mrija asichokiona?

Tena mume mwenye kushughulika na tuhuma husahau hatari iliyo karibu zaidi. Katika mimba zile za Marekani, karibu thuluthi zilitunga nje ya kizazi, aghalabu ndani ya mrija wenyewe. Mimba hiyo haikui ikazaliwa. Hupasua mrija, damu ikamwagika ndani ya tumbo, na mwanamke aweza kufa kwa saa chache. Alama zake ni kukosa hedhi au kutoka damu kidogo kidogo, maumivu ya chini ya tumbo, pengine upande mmoja, na mara nyingine maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu na kuzimia. Basi mke aliyefungwa kizazi akikosa hedhi, apimwe mkojo mapema. Na mimba ikionekana, aangaliwe kwa mashine ya picha ya tumbo ijulikane imekaa wapi. Akishikwa na maumivu au kizunguzungu, apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku, na daktari aambiwe kuwa amepata kufungwa kizazi.