Mafunzo Niliyopata kwa Nondo wa Viwavijeshi

Kijijini kwetu, wilayani Kilosa, nimekabidhiwa mtego wa nondo. Ndani yake mna chambo chenye harufu ya nondo jike, na kila asubuhi nahesabu madume walionaswa.

1. Ukingoja kumwona kiwavi, umechelewa. Akiwa mchanga ni wa kijani, hujificha kwenye nyasi na hula kidogo. Mlo mkubwa huja siku zake za mwisho, kabla hajazama ardhini kugeuka nondo. Hapo ndipo makundi meusi hutoka shamba hili kwenda lile, na mahindi hubaki vijiti.

2. Mtazame nondo bawa la nyuma. La mbele ni la kahawia iliyofifia na halikuambii mengi, kwa kuwa ndugu zake wengi wanavaa rangi hiyohiyo. La nyuma ni jeupe, linapitisha mwanga, na mishipa yake ya kahawia inaonekana wazi. Jike ana manyoya meusi mkiani, nayo ndiyo anayofunikia mayai.

Siku hizi ni lazima kumtofautisha na kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya Amerika, aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016. Nondo dume wa huyo ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Kiwavi wake ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia.

3. Kila mmoja ana msimu wake. Vamizi yupo muda wote mradi mahindi yapo shambani, hata ya umwagiliaji. Wetu wa asili hufuata mvua. Kiangazi huwa wachache mno. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, nondo huletwa na upepo, na dhoruba huwakusanya sehemu moja. Mwaka unaotanguliwa na ukame ndio wa kuogopwa zaidi. Kizazi kinachofuata husafiri na upepo kuelekea kaskazini, na miezi michache baadaye Waethiopia nao wanahangaika.

4. Anza na nyasi. Kiwavijeshi wetu wa asili anakula jamii ya nyasi na nafaka: ukoka, mahindi, mtama, mpunga, uwele. Ukikuta maharage yametobolewa na mahindi ya jirani ni mazima, mtafute mdudu mwingine.

5. Hesabu ya mtego ni mali ya kijiji kizima. Wilayani kwetu utabiri wa namna hii, wanakijiji wenyewe wakiwa na mtego na kipima mvua, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, nami naona ni miongoni mwa mambo bora mkulima mdogo aliyowahi kupewa. Nondo wakiongezeka ghafla na mvua ikanyesha, namwarifu bwana shamba na mwenyekiti siku hiyohiyo. Mayai huanguliwa ndani ya siku mbili hadi tano, kwa hiyo wiki hiyohiyo kila mwenye shamba apige magoti, afunue nyasi na kukagua majani kwa chini.