Ufunguo wa Sanduku la Huduma ya Kwanza

Leo tutasoma habari za ajali kazini. Soma polepole. Ukimaliza, jadiliana na wenzako darasani.

Kisa cha mashine ya kusaga

Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua madarasa ya kisomo katika kijiji kimoja. Kijiji hicho kilikuwa na mashine ya umeme ya kusaga mahindi. Mashine ilikuwa mali ya kikundi cha wanakijiji.

Siku ile mvua ilinyesha asubuhi. Sakafu ya kibanda cha mashine ilikuwa imelowa. Waya mmoja wa mota ulikuwa umechunika. Watu wote walijua, lakini kila mtu alingoja mwenzake auseme.

Kijana aliyeendesha mashine aliugusa waya ule. Tulisikia akina mama wakipiga yowe. Tulipofika, alikuwa chini. Mzee mmoja alikimbilia swichi kubwa, akazima umeme. Hilo lilikuwa jambo jema. Baada ya hapo hatukufanya jambo jema jingine.

Ukutani palikuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao katibu."

"Katibu yuko wapi?"

"Amekwenda mnadani."

Mtu mmoja alipanda baiskeli akamfuata katibu. Wengine walimmwagia kijana maji. Wengine walimpepea kwa kanga. Mimi, afisa mwenye cheti, nilisimama nimeshika daftari la mahudhurio. Mama yake kijana akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Tufanye nini?"

Sikuwa na jibu.

Sanduku lilifunguliwa baada ya nusu saa hivi. Ndani mlikuwa na kitabu cha stakabadhi, kipande cha sabuni, na plasta mbili zilizokauka. Kijana alikuwa amekwisha kufa.

Baadaye mganga wa zahanati aliniambia hivi: "Mwalimu, hata kama sanduku lile lingejaa dawa, lisingemwamsha. Alihitaji mikono. Wote mlikuwa na mikono, ila haikufundishwa."

Hakuna awezaye kusema kwamba kijana yule angepona kwa hakika. Lakini sisi hatukumpa nafasi. Kwa sababu hiyo nilikwenda kujifunza huduma ya kwanza. Na kwa sababu hiyo nimeandika somo hili.

Umeme hufanya nini moyoni?

Moyo ni pampu ya damu. Hupiga kwa mpango. Fikiri akina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja hupandisha mchi, mwingine hushusha. Kazi huenda vizuri kwa sababu wanafuata zamu.

Umeme ukipita kifuani, zamu hiyo huvurugika. Moyo hutetema tu, wala hausukumi damu. Ni kama michi inayogongana kinuni. Mahindi hayatwangiki. Maradhi ya moyo pia huweza kuleta hali hii. Mtu huanguka ghafla, hajibu, wala hapumui sawasawa.

Ubongo usipopata damu huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kupona hupungua kwa sehemu 7 hadi 10 katika 100. Sasa hesabu mwenyewe. Safari ya kwenda mnadani kwa baiskeli ni dakika ngapi?

Mashine ya kushtua moyo

Iko mashine inayoweza kuurudisha moyo unaotetema katika mpango wake. Inaitwa mashine ya kushtua moyo. Hupitisha umeme kifuani kwa kipimo maalumu. Ni kama mtu anayewaambia watwangaji, "Simameni wote!" Wakisimama, huweza kuanza upya kwa zamu.

Zamani mashine hii ilikuwa ya hospitalini tu. Mwaka 1965, katika mji wa Belfast, daktari Frank Pantridge alitengeneza mashine ya kupakiwa katika gari la wagonjwa. Ilitumia betri za gari. Uzito wake ulikuwa kilo 70 hivi, yaani karibu uzito wa mtu mzima. Leo ziko mashine ambazo mtu hubeba kwa mkono mmoja.

Mashine za siku hizi husema kwa sauti. Ukiiwasha, inakuambia la kufanya. Unamvua mgonjwa nguo kifuani na kumkausha. Unabandika vibandiko viwili palipoonyeshwa kwenye picha. Mashine huupima moyo yenyewe. Kama moyo hautetemi, haitoi umeme. Kama unatetema, husema watu wasimguse mgonjwa, kisha hutoa umeme au hukuambia ubonyeze kitufe.

Je, ni lazima uwe daktari? Tuangalie viwanja vya ndege vya Chicago, Marekani. Mashine hizi ziliwekwa humo mahali pa wazi, ili kila mtu aweze kuzichukua. Taarifa iliyotolewa mwaka 2002 ilieleza habari za miaka 2. Watu 18 walianguka humo kwa sababu ya moyo kutetema. Watu 11 kati yao waliokolewa. Katika hao 11, watu 6 walisaidiwa na watu ambao hawakufundishwa kuitumia mashine ile. Baadhi ya wasaidizi hao walikuwa madaktari, lakini wengine walikuwa wapita njia tu.

Nchini kwetu mashine hizi ni chache. Ni ghali, na vijiji vingi havina. Lakini ndugu na watoto wetu hufanya kazi migodini, viwandani, bandarini na katika mahoteli makubwa. Kama wewe ni mmoja wao, uliza: Mashine ya kushtua moyo ipo hapa? Iko wapi? Nani anakagua betri yake? Mashine iliyofungiwa ofisini kwa meneja haina tofauti na sanduku letu lenye kufuli.

Mikono kwanza

Pasipo na mashine, mikono huendelea kuusukumia ubongo damu kidogo. Palipo na mashine, mikono hufanya kazi mpaka mashine ifike. Mwaka 1960, wataalamu wa Baltimore, Marekani, walieleza kwamba kubonyeza kifua kwa mikono mitupu huisukuma damu. Walisema kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu yeyote, mahali popote.

Fuata hatua hizi kwa mtu mzima:

1. Zima umeme kwanza. Usimguse mtu aliyenaswa na umeme kabla haujazimwa. Kama ni waya wa nguzo uliodondoka, kaa mbali na uwazuie wengine. Wapigie simu watu wa umeme.

2. Mtikise mabega na umwite kwa sauti. Tazama kama anapumua. Kuvuta pumzi moja moja kwa shida, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua.

3. Mwagize mtu mmoja, kwa jina lake, apige simu ya dharura 112 na zahanati. Mwagize mwingine atafute gari. Ukisema tu "Jamani, pigeni simu," kila mtu atamngoja mwenzake.

4. Mlaze chali mahali pagumu. Usimbonyeze akiwa juu ya godoro.

5. Piga magoti ubavuni pake. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua. Weka mkono wa pili juu ya wa kwanza. Nyoosha viwiko.

6. Bonyeza kwa nguvu. Kifua kishuke sentimita 5 hivi. Hiyo ni karibu urefu wa kisanduku cha kiberiti. Kisha acha kifua kiinuke chote.

7. Bonyeza haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usisimame kumpepea wala kummwagia maji. Ukichoka, mwenzako akupokee. Ni vizuri kupokezana kila baada ya dakika 2.

8. Aliyefundishwa kupuliza pumzi hupuliza mara 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Ambaye hakufundishwa abonyeze tu bila kuacha.

9. Endelea mpaka mgonjwa aamke, au mganga afike, au mashine ikuambie usimguse.

Watu wengi huogopa kumvunja mbavu. Ubavu ukivunjika huweza kuunga. Moyo uliosimama haungoji.

Sanduku lenye faida

Ajali nyingi kazini si za moyo. Ni za majeraha na kuungua. Kwa hayo sanduku lina kazi kubwa. Ndani yake muwe na bandeji, vitambaa safi vya kufunga vidonda, plasta, glavu, mkasi, sabuni na tochi. Muwe pia na daftari la kuandika kilichotumika.

Jeraha likitoa damu nyingi, weka kitambaa safi na ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Mtu akiungua, poza mahali palipoungua kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta.

Kwa Tanzania Bara, iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi wake, na huduma ya kwanza ni sehemu ya ulinzi huo. Wakala wa kuisimamia huitwa OSHA. Mafunzo ya huduma ya kwanza hutolewa pia na Chama cha Msalaba Mwekundu. Mganga wa zahanati yenu naye anaweza kuombwa aje darasani.

Kijiji kile sasa kina sanduku lisilo na kufuli. Waya umebadilishwa. Swichi kubwa imepakwa rangi nyekundu, na juu yake pameandikwa ZIMA HAPA. Wanakikundi 6 wamefundishwa kubonyeza kifua, na mmoja wao ni mama yake kijana yule. Nilipomsalimu mara ya mwisho, aliniambia, "Mwalimu, siku hizi siulizi tena tufanye nini."

Zingatia

Kitu cha kuokolea maisha hakifungiwi. Anayejua ni mmoja tu? Siku asipokuwepo, hakuna anayejua.

Maneno ya kujifunza

*chunika* – toka ganda la nje
*kitako cha kiganja* – sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono
*pokezana* – fanya kazi kwa zamu
*stakabadhi* – karatasi ya kuonyesha kwamba fedha zimelipwa
*tetema* – tikisika haraka haraka bila mpango

Maswali

1. Ni jambo gani jema lililofanywa siku ya ajali? Ni mambo gani hayakumsaidia kijana?
2. Kwa nini sanduku lililojaa dawa lisingemwamsha?
3. Kifua hubonyezwa mara ngapi kwa dakika moja?
4. Kwa nini ni vizuri kumwagiza mtu kwa jina lake?
5. Mkandamizo wa jeraha na ubonyezaji wa kifua vina tofauti gani?

Kazi ya kufanya pamoja

Nendeni kwenye mashine ya kusaga, ghala au karakana ya kijiji chenu. Tafuteni swichi kubwa. Tafuteni sanduku. Ulizeni ufunguo uko kwa nani. Andikeni mliyoyaona kwa sentensi tano, kisha mzisome mbele ya serikali ya kijiji.