Mchwa na Funza kwa Vifaranga wa Bomani

Mfugaji, ukishuka Sakina kwa barabara ya Namanga kununua chakula cha kuku, dagaa ndio wanaokula fedha. Nasi binadamu tunawala, hivyo kuku wako anashindana na sufuria yako. Lakini bomani una mavi ya ng'ombe, na mavi huvuta wadudu wenye protini. Kifaranga anayekosa protini wiki za mwanzo hudumaa, na mwewe humkuta bado mdogo.

Anza na mchwa. Chukua chungu kikuukuu au ndoo mbovu, jaza mavi makavu yaliyochanganywa na mabua au nyasi kavu, nyunyizia maji kidogo. Jioni fukua njia ya mchwa hadi uwaone wakitembea, kisha funika hapo chombo kikiangalia chini. Asubuhi mapema, kabla ya jua kali, kung'uta mbele ya vifaranga. Usibomoe kichuguu, kesho utawahitaji tena. Kazi hii watoto wanaiweza kabla ya kwenda shule.

Ukikaa karibu na soko, fuga funza wa nzi askari mweusi, mwembamba kama nyigu. Haumi, wala hatui kwenye chakula chako kama nzi wa nyumbani. Funza wake hula maganda na mabaki ya mboga, na baada ya wiki 2 hivi huvunwa. Watie kwenye maji yanayochemka, waanike juani. Pumba na nafaka ziendelee, funza ni nyongeza.

Sasa sikiliza vizuri. Usiwape kuku funza wa mzoga, hata wa mbuzi aliyekufa jana. Funza hao hubeba sumu ya botulizimu: kuku hulegea miguu, mabawa, kisha shingo, na wengi hufa. Mzoga uzikwe au uchomwe.

Ng'ombe aliyechomwa sindano ya ivermektini, mavi yake huua funza kwa wiki kadhaa, kwa hiyo chota ya wengine. Usitege karibu na josho. Na wadudu waliopuliziwa sumu, kama nzige walioingia Longido na Simanjiro mwaka 2021, kuku wasiwaguse.

Chanjo ya mdondo, I-2, ni tone 1 jichoni kila baada ya miezi 3. Mchwa hawazuii mdondo.