Eksirei Juu ya Barafu

Barafu ni ngumu, sivyo? Kumbe juu kabisa ina utando laini unaokaribia maji! Gesi ya haidrojeni kloraidi ikitua hapo huvunjika ioni. Katika mawingu ya barafu huko Antaktika, hivyo ndivyo huanza safari ya klorini inayokula ozoni.

Wataalamu huimulika kwa eksirei. Kaboni huanza kuzinyonya kwenye elektroni-volti 285 hivi, oksijeni ya maji karibu 535. Mchoro unaotoka ni vilima tu, haujielezi. Basi tarakilishi hupewa molekuli pamoja na majirani zake wa maji, ikokotoe vilima vyake. Visipolingana na vya maabara, molekuli huhamishwa, hesabu ikaanza upya. Tabu ni kwamba mipangilio miwili yaweza kutoa vilima pacha.